Chembe Niliyoishangilia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, si umesimama jikoni, na goti lako limetulia. Kila ninapokusikia kwenye simu ukishusha pumzi kabla ya kukaa, najua bado linakusumbua, hata ukiniambia ni uzee tu. Lile dirisha la upande wa ziwa limepata komeo? Na mvua je, zimeanza? Huku siwezi kuzikisia mvua za kwetu. Naamka nakuta mbingu ya kijivu ile ile niliyoiacha jana, kama sufuria lililofunikwa. Mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Barua hii anaileta ndugu mmoja wa Kasulu aliyemaliza masomo yake hapa. Ameahidi kuifikisha Kasingirima kwa mkono wake kabla hajaendelea na safari ya kwao. Kwenye simu maneno yangu hayafiki mwisho. Mwanangu Salma huwa ubavuni mwako, nawe huongeza sauti ili wote msikie, na yapo ambayo sitaki ayasikie kabla yako. Kwa hiyo isome mwenyewe, polepole. Najua siku hizi yeye ndiye anayekusomea kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni, lakini hii usimpe.

Maisha ya hapa Hungaria hayajanitupa, Mama, ila ni ya kimya. Watu si wabaya. Hawana tu desturi ya kusimamishana. Mtu wa mlango wa jirani nimepishana naye kwenye ngazi tangu nilipofika, na hadi leo sijui anaitwa nani. Ijumaa jioni nikishafunga mlango wangu, naweza nisiseme neno na mtu hadi Jumatatu. Jumatatu hiyo nikifungua mdomo kumsalimu mlinzi wa getini, sauti inatoka imekwaruza kama ya mgonjwa. Nimeanza kujisalimia mwenyewe asubuhi. Nasema "mwakeye" kwa sauti, kama ulivyokuwa ukitusalimia kwa Kiha chenu cha Kidahwe tulipokuwa wadogo, ili koo lisisahau kazi yake.

Yale mawese aliyonifungia mama mdogo yaliganda kwa baridi yakawa magumu kama mche wa sabuni. Nayaweka juu ya bomba la kupashia chumba joto, yanayeyuka taratibu, na chumba kizima kinanukia jikoni kwako. Majani ya muhogo ya kupikia sombe hayapatikani. Natumia majani mengine, nayapika mpaka yakubali. Siku ya Idi niliswali kwenye ukumbi wa kukodi pamoja na Waturuki. Walinikumbatia vizuri sana, kisha kila mmoja akashika njia ya kwake, nami nikarudi kwenye mawese yangu.

Sasa nikueleze kazi, maana uliniambia majirani wanakuuliza na wewe huna la kuwajibu zaidi ya kusema nasoma.

Unaijua hamira. Kila punje ya hamira unayoweka kwenye unga wa maandazi ina chembe hai nyingi mno, ndogo hivi kwamba bila hadubini huzioni. Kila chembe ina ukuta unaoizunguka. Sisi tunauondoa ukuta huo. Zamani waliuyeyusha kwa maji ya tumbo la konokono, na najua hapo utasema astaghfirullah, lakini ndivyo walivyofanya, kwa sababu tumbo la konokono linaweza kuumeng'enya. Chembe ikishavuliwa ukuta inakuwa duara laini tupu. Ukiiweka kwenye maji ya kawaida inayanywa, inavimba, inapasuka. Kwa hiyo tunaitunza kwenye maji yenye sukari ya kiasi chake, na tunailaza ndani ya kitu kama uji mwepesi ulioganda, isielee ovyo. Halafu tunakaa kuitazama.

Ikiwa haijafa, Mama, inaanza kujenga upya. Haianzi na ukuta mzima. Kwanza vinatokea vidoa hapa na pale juu ya ngozi yake. Kutoka kwenye vidoa hivyo zinatoka nyuzi, nyuzi zinapishana zinakuwa wavu, na baada ya hapo ndipo mambo mengine yanakuja kuziba matundu. Ni kama mnavyofunga fito kwanza, kisha mkandike udongo. Kazi yangu ni ule mwanzo, pale kidoa cha kwanza kinapotokea. Tunataka kujua chembe inaamuaje ianzie wapi, na nini kinahitajika ili ianze.

Hamira haina hatia, lakini ina ndugu mbaya. Fangasi aliyeingia kwenye damu ya mke wangu Zuhura ni wa ukoo huo.

Hapa ndipo ninapotaka uniazime moyo wako kidogo. Uliyaona mwenyewe, kwa sababu ulikuwa unamleta Salma mgongoni hadi kwenye uzio wa hospitali ili mama yake amwone dirishani. Unakumbuka baada ya ule upasuaji wa utumbo alivyokaa wodini muda mrefu, homa ikipanda na kushuka, hadi walipogundua ni fangasi na dawa ikaagizwa kutoka mbali. Ilipofika akapata nafuu. Aliketi, akaomba uji, akakuuliza kama Salma ameota meno ya nyuma. Tukaanza kuzungumza habari za kumrudisha nyumbani. Kisha homa ikarudi, na safari hii haikumwacha.

Jambo ambalo hujalisikia ni hili. Siku ya mazishi ilipopita, nilirudi hospitali kuchukua vitu vyake. Yule daktari wa kike aliyemtibu akanikuta kwenye benchi la nje, akakaa. Alikuwa anajua nafundisha biolojia sekondari. Akaniambia, "Mwalimu, dawa ilibomoa kuta za wale wadudu. Wengi walikufa. Lakini wapo waliobaki uchi, wakajenga tena. Kwa nini wao waliweza, sisi hapa hatujui."

Sikumwambia mtu. Nilirudi kufundisha, lakini kila nilipochora chembe ubaoni nilimsikia. Ndiyo maana niliomba masomo haya, ndiyo maana nilimwacha kwako mtoto ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kufunga kamba za viatu. Watu walisema nimekimbia msiba. Nilikuwa naufuata.

Mwaka wa kwanza haukunipa kitu. Profesa wetu, mama mmoja aitwaye Marta, hakuturuhusu kumgusa fangasi wa ugonjwa mpaka tujifunze kwa hamira, na hamira yenyewe ilinitesa. Nikizidisha dakika za kuyeyusha, chembe zinakufa. Nikipunguza, mabaki ya ukuta wa zamani yanabaki na huwezi kujua kipya ni kipi. Nyingine zilipasuka mbele ya macho yangu wakati natengeneza tu mwanga wa hadubini. Profesa Marta si mkali wa maneno. Hutazama picha zako, hukurudishia, husema "tena", na hurudi chumbani kwake. Nililisikia neno hilo mpaka likawa jina langu la pili.

Aliyenishika mkono ni mzee mmoja anayezitunza hadubini, Layosh. Ni mrefu, ana masharubu meupe, na Kiingereza chake ni kama Kihungaria changu, cha kuombea maji tu. Mkewe alifariki, kwa hiyo hata Jumapili huja kazini, anafuta vioo ambavyo havina vumbi. Alikuwa akiniletea tofaa kutoka bustanini kwake, analiweka karibu na kiwiko changu. Tulikaa hivyo Jumapili nyingi, kila mmoja na kimya chake.

Hatimaye niliruhusiwa kumshika yule ndugu mbaya. Kuna chumba chake maalumu, unavaa koti la pili na glavu mbili, na milango haifunguki pamoja. Nilivua kuta za chembe zake, nikazilaza, nikaweka rangi inayong'aa buluu inapokutana na ukuta mpya. Nilianza Jumapili asubuhi. Hadi saa sita mchana nilikuwa natazama giza.

Kisha nikaona kidoa. Nilidhani ni uchafu wa kioo, nikasubiri. Vikawa viwili, vikaongezeka vingine vichache, buluu, kwenye duara moja dogo ambalo nilikuwa nimeshalikatia tamaa. Nyuzi zikaanza kutoka. Mama, sijui nikuelezeje. Kitu kimevuliwa kila kilichokuwa kikikikinga, kimelala kwenye uji baridi, hakina wa kukisaidia, na kinaanza. Uzi mmoja ukaufikia mwingine, zikashikana. Niliinama pale mpaka shingo ikafa ganzi. Nikajisikia nasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Haya, jikaze. Shika hapo. Jikaze, usilale."

Ndipo nikasimama. Maneno hayo niliyasema mara moja tu maishani kabla ya hapo, nikiwa nimeushika mkono wa Zuhura.

Nilivua glavu, nikatoka kile chumba, nikaketi kwenye kiti cha korido. Nilikuwa nimemshangilia aliyemuua mke wangu. Nilikuwa nimemwombea apone. Sikulia wodini, wala makaburini, na wewe uliniambia baadaye kuwa jambo hilo lilikutisha. Nililia pale, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kusafishia.

Layosh akaja na kitambaa chake mkononi. Akauliza kama chembe zimekufa. Nikamwambia hapana, zimejenga. Akashangaa, maana mtu halii kwa hilo. Basi nikamweleza, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, habari za Zuhura. Sikuwahi kumtaja jina kwa mtu yeyote hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wangu aliitwa Ilona." Akaingia kwenye kile chumba, akapunguza mwanga ili chembe zisiungue, akarudi tukakaa.

Kesho yake asubuhi ile chembe ilikuwa na ukuta mzima, na pembeni yake ilikuwa imechipua mtoto.

Nilimpelekea Profesa picha. Safari hii hakusema "tena". Alivua miwani, akazitazama picha kwa karibu, akaniuliza nyuzi za kwanza zilionekana baada ya muda gani. Tukalirudia jambo lile mara nyingi, na likawa lile lile. Ndipo tukafanya ambalo nililijia. Tulitia dawa si mwanzoni wala mwishoni, bali pale vidoa vinapotokea, kabla nyuzi hazijashikana, na pamoja nayo kitu cha pili kinachoziba njia nyingine ya kujengea ukuta. Wavu haukushonana. Nilipozihamishia chembe kwenye maji ya kawaida, zilivimba, zikapasuka zote. Nilizitazama zikiisha. Nilidhani nitafurahi, nitasema Zuhura nimekulipia. Sikusikia kitu chochote, Mama. Nilisikia njaa tu, nikaenda kula.

Usiwaambie watu kuwa nimepata dawa. Sijapata. Tumejua mahali pa kupiga, basi, na kutoka hapo hadi kwenye kitanda cha mgonjwa ni kazi ya watu wengi na miaka mingi. Lakini yule daktari alisema hatujui, na sasa kidogo tunajua. Hilo nimelifanya.

Jioni ya siku hiyo nilipiga simu nyumbani. Ulikuwa msikitini kwenye darasa la akina mama, ukaiacha simu, na Salma akapokea. Hukuwepo, kwa hiyo hujui tulivyozungumza. Nilimwita jina. Akasema, "Shikamoo." Nikaitikia, nikamuuliza habari za shule. Akasema nzuri. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Bibi hayupo. Akirudi nimwambie nani amepiga?"

Alisema kwa adabu, Mama. Umemlea vizuri, hana kosa hata kidogo. Sauti anayoisikia kila ninapozungumza nawe hakuitambua ilipomwita yeye. Alinijibu kama anavyomjibu mgeni aliyesimama mlangoni na hajakaribishwa ndani. Nikamwambia mimi baba. Akasema "aa", kisha akasema maziwa yanachemka. Nikamwambia aende.

Wiki hiyo hiyo Profesa Marta aliniita. Ana fedha za kuniweka miaka mingine. Chumba kizuri zaidi, msaidizi, jina langu likitangulia kwenye machapisho. Nilimwomba siku za kufikiri. Nikaenda kumuuliza Layosh, kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Nilijua ana binti anayeishi nchi ya mbali. Nikamuuliza anamwona lini. Akacheka kidogo bila sauti. Akasema ni binti mzuri, ana kazi nyingi, hupiga Jumapili akipata nafasi. Na hapo nikaelewa kwa nini Layosh huja kazini kila Jumapili na kuweka simu yake mezani uso juu, ilhali siku nyingine huiacha kwenye koti.

Nikarudi kwa Profesa, nikamwambia nitamaliza nililolianza halafu nitakwenda nyumbani.

"Sasa?" akaniuliza. "Sasa ndipo chembe zimeanza kukuonyesha kitu."

"Nina mtoto, Profesa. Amenisahau."

Akasema nimlete. Nililifikiria hilo kweli, usidhani sikulifikiria. Nikamwona Salma kwenye ngazi zile, nje ya milango isiyofunguka, akinisubiri nitoke kwenye chumba cha makoti mawili. Nikakuona na wewe hapo nyumbani ukipakua chakula cha mtu mmoja. Nikamwambia hapana. Profesa akaniuliza ni nani atakayeendelea. Yupo dada mmoja Muhabeshi, mkono wake mtulivu kuliko wangu, nimeshaanza kumfundisha. Alipoona nyuzi za kwanza alishika bega langu bila kujijua. Kazi itakuwa salama kwake.

Nitamaliza kuandika matokeo ya kazi hii kabla ya mwezi wa saba. Shule yangu imenijibu kuwa nafasi ya biolojia ipo. Basi narudi, Mama, na sirudi kwa likizo. Kuna watu watakaosema nimeishiwa njiani, kwamba aliyefika huku harudi kushika chaki. Waache waseme. Kinachonikosesha raha si wao. Ni kwamba kila siku ninapomwachia yule dada kiti changu cha hadubini, nahisi ni Zuhura ninayemwachia mtu mwingine amuuguze. Najua si kweli, lakini nahisi hivyo, na hakuna niwezaye kumwambia akanielewa ila wewe.

Sasa ombi langu. Salma usimwambie kuwa baba yake anarudi na lazima afurahi. Usimfundishe maneno ya kuniambia, wala usimvalishe nguo ya Idi. Mwambie tu kuna mtu atakuja kukaa nasi. Mimi nitalala chumba cha mbele, nitaomba maji kama wageni wanavyoomba, nitamsubiri. Akikawia, uniache nisubiri, usinihurumie.

Nisalimie mama mdogo wa Kidahwe, mwambie mawese yake yamenilea. Msalimie mjomba anayekaanga migebuka Kibirizi, na mke wake aliyekuwa akikukanda goti nilipoondoka. Wasalimie majirani zetu Wakongo wa nyumba ya pili, hasa yule bibi yao aliyempa Salma kuku. Msalimie mwalimu wake wa madrasa. Na shemeji yangu Idi, anayelifyeka kaburi la dada yake kila mvua zinapokatika, mwambie nashukuru sana kwa miaka yote hii. Mwambie msimu huu aliache lilivyo, hata kama nyasi zimerefuka. Nitalifyeka mwenyewe, peke yangu, kwa sababu nina mambo ya kumweleza Zuhura na ningependa ayasikie kwangu.

Mwanao akupendaye,
Yasini